Sekretariati ya Nyawera: radi ilisingiziwa, mashini ziliuliwa na nyutro

Ngoja niandike hiki kisa chote vile kilikuwa, juu kila mvua kubwa ikinyesha hapa Bukavu napigiwa simu ileile, "fundi, radi imepiga, mashini imekufa", na mara nyingi mtu anapiga simu akiwa ameshanunua pawa saplai nyingine (kile kiboksi cha ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa prizi), ameshaichomeka, nayo imeshaungua.

Simlaumu mtu kwa kuwaza radi kwanza. Kwetu radi si hadithi, mwaka 2016 wanasayansi walitumia data ya satelaiti wakapanga mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, namba moja ikawa Ziwa Maracaibo kule Venezuela, na kwa Afrika nzima namba moja ikawa Kabare, yani majirani zetu hapo juu kabisa. Kwahiyo mtu akisikia ngurumo jioni, asubuhi akute kompyuta haiwaki, ataunganisha mwenyewe. Shida ni kwamba radi inaua kwa njia yake na umeme mbovu unaua kwa njia yake, na ukikosea mwuaji utamrudishia vyombo vipya aviue tena.

Sekretariati yenyewe iko upande wa Nyawera, chini ya nyumba ya etaje (ghorofa), inachapa kazi za wanafunzi, fotokopi, kuskani, mambo hayo. Kompyuta nne za mezani, laptop moja ya mama mwenyewe, printa ya laza, ruta, na antena ya intaneti juu ya paa. Jioni mvua ilinyesha na ngurumo, umeme ukakatika, usiku ukarudi wakati wameshafunga. Asubuhi wanafungua, harufu ya kuungua imejaa chumba, kompyuta tatu hazina uhai, ya nne inawaka lakini inaganda. Mpwa wa mama akakimbia sokoni akanunua pawa saplai ya okazioni (iliyotumika), akaifunga kwa mashini ya kwanza, ikawaka vizuri, wakafanya kazi mchana kutwa wakifurahi. Jioni, pa! Moshi. Hapo ndo nikaitwa.

Nimefika, mama ananiambia, "Fundi, hii radi itanimaliza, memwari za batoto ziko mule ndani." Memwari ni zile kazi za mwisho za wanafunzi, na ilikuwa kipindi cha kudepoze, yani kuzipeleka shuleni, na mashini ya tatu ndo ilikuwa imebeba faili zote za wateja, kopi nyingine hakuna. Nikamwambia "mama, tulia kwanza, leo asubuhi hatuchomeki kitu chochote", na mpwa akanuna kidogo juu yeye alitaka tununue pawa saplai nne mara moja.

Mimi mashini sizifungui haraka. Nilichukua karatasi nikaandika kila chombo: kimekufa au kimepona, kilikuwa kimechomekwa wapi, na usiku ule kilikuwa kwenye hali gani. Hii karatasi ndo ilitoa jibu nusu nzima, bisibisi bado iko mfukoni.

Printa ilipona, kabisa. Nikauliza, usiku mlikuwa mmeizima vipi? Kwa kitufe cha pembeni, kile kinachopinda huku na huku, kile kinakata waya kweli. Kompyuta nazo zilikuwa "zimezimwa", lakini kwa Windows tu, multiprizi (ubao wa prizi nyingi) imebaki inawaka nyekundu. Watu wengi hawajui kwamba kompyuta ya mezani ikizimwa hivyo pawa saplai yake hailali, kuna sehemu ndogo ndani inaendelea kutoa volti 5 kwenye waya wa zambarau saa zote, ndo inayongojea ubonyeze kitufe. Maana yake kondensa kubwa za mlangoni, vile vikopo vinavyotunza umeme pale unapoingia, zinabaki zimejaa umeme usiku kucha. Kwa umeme unaoingia, mashini ya hivyo na mashini inayofanya kazi ni kitu kimoja.

Laptop: chaja imekufa, laptop yenyewe inawaka na betri. Ruta: adapta yake imekufa, lakini nilipoipa adapta nyingine ya volti 12 kutoka kwa mfuko wangu iliwaka, na tundu zote za kebo zinasoma. Antena ya paani: kile kiboksi cha ndani kinachoipa umeme kimekufa, antena yenyewe juu ni nzima.

Sasa angalia hapo. Radi ingeshuka kwa kebo ya antena, antena ndo ingekuwa maiti ya kwanza, alafu tundu za ruta, alafu kadi za neti ndani ya kompyuta. Hapa kila kitu kilichofia mbele kilikuwa kimegusana na prizi, na kila kilichokaa nyuma ya adapta au chaja kilipona. Umeme uliingia kwa mlango wa kawaida, ukaua walinzi, ukaishia pale. Kweli radi inaweza pia kuingia kwa waya za umeme toka mbali, kwahiyo karatasi peke yake haikutosha.

Nikatoka kuongea na majirani. Hiyo etaje iko na konteri (mita) ya fazi tatu, yani waya tatu zinazoleta umeme, mwenye nyumba amegawa: sekretariati na depo ya vinywaji ziko kwa fazi moja, salo ya nywele kwa nyingine, yeye juu kwa ya tatu. Dada wa salo akasema usiku ule walikuwa wangali wanamalizia mteja, umeme uliporudi taa zao zilififia zikawa nyekundu-nyekundu na kaske, ile kofia ya kukaushia nywele, haipashi. Kijana wa depo akasema kwake ampuli (balbu) iliwaka nyeupe kupita kiasi ikapasuka. Usiku uleule, nyumba ileile, huku taa inafifia, huku inapasuka. Mtu akikwambia hivyo, waza nyutro, ule waya wa pamoja unaorudisha umeme, kabla ya kuwaza kitu kingine chochote.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Kati ya fazi na nyutro una volti 220, kati ya fazi na fazi una 380. Nyutro ndo inashikilia kila mpangaji kwenye 220 yake. Ikikatika au ikilegea, umeme haukatiki, ungekatika ingekuwa bahati. Vyombo vya mpangaji mmoja na vya mwenzake vinajikuta vimefuatana kwa mstari mmoja kati ya fazi mbili, na zile volti 380 zinagawanywa kati yao bila usawa: mwenye vyombo vizito, kaske, pasi, jiko, anabaki na volti kidogo, mwenye vyombo vyepesi anabebeshwa zilizobaki. Usiku ule salo ilikuwa na kaske zinavuta. Sekretariati ilikuwa na kompyuta zilizolala na taa moja ya mlangoni. Unaona nani aliumia.

Lakini hayo yote bado ni maneno, fundi lazima aone. Nikachomeka multimetri kwa prizi ya sekretariati, inasoma 231, kitu cha kawaida, na hapo ndo mtu wa haraka angesema umeme uko sawa tuendelee. Nikamwomba dada wa salo awashe kaske moja. Namba ikapanda, 240, 248. Nikapaza sauti, "dada, ongeza na ya pili!" ikaenda 262. Akizima, inarudi 231. Mama amesimama nyuma yangu anaangalia zile namba zinacheza, hakusema kitu, mpwa naye ameacha kununa. Juu nyutro ikiwa nzima, jirani wa fazi nyingine akiwasha mzigo wake wewe karibu hutaona kitu, na wa fazi yako akiwasha, yako inashuka kidogo. Haipandi hata siku moja. Ikipanda kwa sababu jirani amewasha pasi, nyutro inakufa mahali fulani.

Na hapo pawa saplai ya mpwa ikajieleza yenyewe: mchana salo ina wasukaji tu, kazi za mikono, jioni ndo kaske zote zinawaka.

Tukamwita mwenye nyumba na fundi umeme wake, disjonkteri kubwa (swichi kuu) ikateremshwa, boksi ikafunguliwa. Waya wa nyutro unaotoka kwa nguzo ni wa aluminiamu, na uliingizwa moja kwa moja ndani ya skrubu moja na waya wa shaba wa nyumba. Hiyo ndoa haidumu, aluminiamu na shaba vikigusana penye unyevunyevu aluminiamu inaliwa, tena aluminiamu inalegea yenyewe kila inapopata moto na kupoa. Tulikuta unga mweupe, plastiki imeyeyuka ikawa kahawia, na ile skrubu niliizungusha kwa vidole. Mvua ya jioni ile na umeme kurudi kwa kishindo vilimalizia tu kazi iliyoanza zamani. Fundi umeme akafunga kiunganishi cha bimetali kinachostahili, kile cha kukutanisha aluminiamu na shaba, kaske zikawashwa zote, multimetri yangu ikabaki palepale. Bas, sasa tunaweza kufungua mashini.

Pawa saplai. Kabla ya yote, kondensa za mlangoni zinaweza kukaa na zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa, usiweke mkono, zitoe umeme kwanza kwa ampuli au rezista alafu upime. Mashini ya kwanza ilikuwa na ile ya okazioni iliyolipuka na ile ya asili, zote mbili fuzi ya kioo imegeuka nyeusi na kung'aa ndani kama imepuliziwa rangi. Fuzi iliyokatika polepole kioo chake kinabaki safi, iliyokuwa nyeusi hivyo inasema kulikuwa na shoti kali mbele yake, kwahiyo kubadilisha fuzi tu na kuchomeka ni kuchoma fuzi ya pili. Karibu na fuzi kuna kadisiki ka bluu, varista, kamepasuka katikati.

Hesabu yake ni hii. Umeme wa 220 ukishageuzwa mle ndani unapanda mpaka karibu volti 311, ndo kilele chake. Ukileta 380 kilele kinafika kama 537. Pawa saplai za zamani zina kondensa mbili za volti 200 zilizofuatana, jumla 400. Za kisasa zina moja ya 400 au 450. Hakuna inayobeba 537. Zile za mashini ya pili zilikuwa zimevimba vichwa na moja imetapika maji yake. Varista nayo, hizi za kawaida zinavumilia mpaka kama 300, juu ya hapo inaanza kupitisha umeme ili ijitoe sadaka, lakini imeundwa kwa mshtuko wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukiiwekea 380 kwa dakika nzima inapata moto, inapasuka, inachukua fuzi pamoja nayo. Ndo maana zile multiprizi za "parafudri" (kinga ya radi) hazikusaidia hapa, ndani yake ni varista hizihizi. Zilikufa tu mapema kidogo.

Sikuzitengeneza. Najua kuna mafundi wanapenda, ila fuzi, varista, daraja la diodi na transista za mlangoni zikishaenda pamoja, vipuri na muda vinazidi bei ya pawa saplai nzima, na bado huiamini. Nilichukua feni na waya zake tu. Kwa zile ambazo sijui ziko hai au hapana natumia taa ya mstari, ampuli ya zamani ya waya, wati 100, kati ya prizi na pawa saplai: ikimeta kidogo alafu ikazimika, mlango ni mzima, ikiwaka ikabaki inawaka, kuna shoti, na hujalipua kitu. Kila fundi anapaswa kuwa nayo mezani, bei yake ni ampuli na vipande viwili vya waya.

Pawa saplai mpya nazo nilizipima kabla hazijagusa mashini: waya wa kijani na mweusi unaunganisha, feni inazunguka, njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, chungwa karibu na 3.3, na kijivu ipande mpaka volti 5, ndo inayoambia madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwamba umeme umetulia. Ipe na mzigo kidogo, diski mbovu au ampuli ya gari, juu bila mzigo nyingine zinadanganya. Na upande wa madabodi, kabla ya kuchomeka, nilipima ohmu kati ya njano na nyeusi ile ya prosesa. Ukikuta karibu sufuri, transista za prosesa zimeshashika shoti, weka hiyo bodi pembeni. Mashini ya kwanza na ya pili zilikuwa safi, zikawaka, zikaendelea na maisha.

Mashini ya tatu, yenye memwari, hapo sasa. Pawa saplai mpya, bodi inapimika vizuri, unabonyeza, feni inashtuka mara moja inasimama. Mpwa akasema "madabodi imekufa". Hapana. Feni inayoshtuka na kusimama ni pawa saplai inayojikinga, imeona shoti ikajizima, maana yake pawa saplai ni nzima na inakupa habari. Unachomoa kimoja kimoja. Nilichomoa waya wa DVD, ileile. Nilichomoa waya wa umeme wa diski, mashini ikawaka bila wasiwasi wowote ikaanza kulalamika kwamba haioni diski.

Uso wa mama ulibadilika nilipomwambia shoti iko ndani ya diski. Lakini kwa kweli hiyo ilikuwa habari nzuri. Ile bodi ya kijani chini ya diski ina diodi mbili za kinga pale umeme unapoingia, moja ya laini ya volti 12, nyingine ya volti 5. Pawa saplai ilipokuwa inakata roho ilitupa volti zaidi ya kipimo, diodi ya 12 ikajifunga shoti ili umeme usipite kwenda kwa mota na vichwa. Ilifanya kazi yake ikafia kazini. Nilifungua bodi, diodi yenyewe ndogo kama punje ya mchele, multimetri inasoma ohmu 0.4 pande zote mbili. Ile ya volti 5 nzima. Nikapima pia virezista vidogo vya ohmu sufuri vilivyo jirani, havijakatika. Nikaipasha moto kwa chuma cha kulehemu nikaing'oa, laini ya 12 haina shoti tena.

Hapo kuna ushauri mbaya unaozunguka, kwamba utafute diski kama hiyo uhamishe bodi. Kwa diski nyingi za siku hizi haitakubali, juu kuna chipu ndogo ya miguu minane kwenye bodi, imebeba vipimo vya diski ileile moja tangu kiwandani, usipoihamisha nayo utasikia inagonga, klak klak, na kila inapogonga ni hatari kwa vichwa. Na kama diodi tu ndo imekufa, hamna haja ya bodi.

Diski bila diodi inafanya kazi, ila haina kinga tena, pawa saplai ikiteleza kidogo mara hii ni chipu za ndani zitakazoungua. Kwahiyo niliiwasha kwa umeme wa meza yangu ambao nauamini, siyo ndani ya mashini, nikakopi faili kwanza, kabla ya kuangalia afya yake, kabla ya kitu chochote. Folda za memwari mbele, muziki na filamu za mpwa mwishoni kabisa. Zote zilitoka. Kisha ndo nikasoma ripoti yake, haikuwa na sekta zilizohamishwa, yani sehemu mbovu ambazo diski imezikimbia, lakini bado nilimwambia mama hii ni ya kustaafu, nikamwekea mpya.

Ya nne ndo ilileta maneno. Yenyewe inawaka, inafanya kazi kidogo, inaganda. Kila mtu aliihesabu kwa usiku uleule, na mama alitaka iingie kwa bili ya mwenye nyumba pamoja na nyingine. Kumbukumbu za Windows zilikuwa na namba 41, ile inayoandikwa mashini ikizimika bila kuagana, wiki nyingi kabla ya mvua ile, tena na tena. Nikafungua: kondensa tatu pembeni ya prosesa zimevimba, juu yake uchafu wa kahawia umekauka na vumbi limeshikana juu ya huo uchafu. Kondensa iliyolipuka wiki hii haina vumbi juu ya kidonda chake. Huo ni uzee. Pawa saplai yake kupona pia kuna maelezo: mashini hiyo ilichomekwa kwa stabilizateri (kifaa cha kusawazisha volti) ya zamani, na stabilizateri ndo iliyokuwa na harufu kubwa kuliko zote, koili yake imekuwa mkaa.

Mama alikasirika. "Sasa weye fundi uko upande ya nani?" Nikamwambia mama, karatasi hii mwenye nyumba ataionyesha kwa fundi wake, wakikuta mashini moja ya uongo watakataa na zile tatu za kweli. Tukaandika hivyo: pawa saplai tatu na ile ya okazioni, diski moja, chaja, adapta, kiboksi cha antena na stabilizateri, hivyo viliuliwa na nyutro, mashini ya nne iko pembeni peke yake. Mwenye nyumba alibishana na fundi wake alafu akalipa nusu, nusu nyingine akaikata kwa kodi. Ya nne nilibadilisha kondensa, mama alilipa mwenyewe.

Zile zilizofufuka niliziachia programu ya kupima ramu usiku mzima, juu mashini iliyopigwa inaweza kukaa vizuri mwezi mmoja alafu ikaanza vituko, bora ujue mapema. Hazikuwa na kosa.

Ya mwisho, kinga. Mwenye nyumba alitaka kuweka piketi ya ter (fimbo ya chuma ya kupeleka umeme ardhini), nikamwambia weka, ni vizuri, hapa udongo wetu unakubali, si kama Goma ambako unagongana na mawe ya volkano, lakini ter isingezuia kisa hiki. Kinachozuia ni rele ya voltaji, kadude kanakaa kwa boksi baada ya disjonkteri, unakawekea chini 180 na juu 250, umeme ukitoka nje ya hapo kanakata, ukirudi kanangoja dakika chache kabla ya kuwasha. Tulifunga moja kwa sekretariati. Depo wakaomba yao kesho yake, ni wale ampuli yao ilipasuka. Salo hawakuona haja, kwao taa zilififia tu.